Mama Evangelina na Nyumba Zilizo Chini ya Michikichi

Tarehe 30 Juni 2026, Mama Evangelina Barampama anastaafu baada ya kuitumikia Jumuiya ya Msaada wa Maafa ya Pwani, hapa Rumonge, kwa miaka kumi na saba na miezi minane. Mkurugenzi wetu, Bwana Leonidasi, alinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, alivyosema, hakuna mtu katika ofisi hii aliyemsumbua mama huyu kuliko mimi. Ni kweli. Mimi ni Samir, fundi wa kompyuta, na mtakaposoma mbele mtaona kwamba kosa kubwa lililomo humu ni langu.

Mama Evangelina alizaliwa Rumonge mwaka 1966. Alipokuwa na miaka sita wazazi wake walikimbilia Tanzania, naye akakulia Ulyankulu, akasoma huko, akafundisha shule ya msingi huko, akaolewa na kuzaa huko. Alirudi mwaka 2008 na watoto wanne, Meshaki akiwa wa kwanza, pamoja na Kiswahili kilichonyooka ambacho hadi leo kinatufanya tujikague kabla ya kufungua mdomo. Novemba ya mwaka huohuo aliajiriwa hapa kuwa mwandishi wa hasara: mvua ikibomoa, ziwa likipanda, upepo ukiezua, yeye anakwenda, anapima, anaandika.

Kwa miaka mingi vifaa vyake vilikuwa daftari, kalamu mbili na mita ya fundi seremala. Ndiyo maana kuanzia Kabezi hadi Nyanza-Lac watu wanamwita Mama Mita. Hakuwa mkali, ila kumdanganya kulihitaji maandalizi. Mzee Lukeba anapenda kusimulia mwenyewe jinsi alivyoandikisha mbuzi sita waliochukuliwa na maji. Mama Evangelina alimpa pole, akamwomba amweleze kila mbuzi alivyokuwa, ili aandike vizuri. Wanne walielezwa kwa ufasaha. Alipofika kwa wa tano, mzee akaanza kumweleza yule wa kwanza upya, akajishtukia, akacheka mpaka akakaa chini. Waliandikwa wanne.

Mwaka 2023 nikaajiriwa mimi, nikaja na programu ya kukisia hasara. Unaipa picha za setilaiti, unaiambia maji yalifika kimo gani, nayo inahesabu mapaa, inakisia nyumba zilizobomoka, na kutaja mabati na magunia ya maharage yanayohitajika. Kazi ya wiki tatu ilikuwa inamalizika kabla chai haijapoa. Nilijivuna, sifichi. Siku ya kuionyesha nilisema mbele ya wote kwamba sasa Mama Evangelina anaweza kupumzisha miguu. Alitabasamu, akaniuliza programu inavaa viatu namba ngapi.

Aprili 2024 mvua ilinyesha milimani siku tano mfululizo. Mto ukashuka na matope na mawe, ukapita katikati ya mashamba ya Kizuka. Upande wa kaskazini ziwa nalo lilikuwa limeingia Kabezi. Nikaketi kwenye kompyuta. Jumatatu jioni ripoti ilikuwa tayari: Kabezi, nyumba sabini na nne; Kizuka, nyumba kumi na moja. Bwana Leonidasi akaisaini, akawatangazia wageni waliotuahidi msaada, na lori la mabati likapangwa kufika Ijumaa. Ilibaki saini moja, ya mwandishi wa hasara.

Mama Evangelina aliisoma ripoti akiwa amesimama. Akaiweka mezani, akafunika kalamu yake.

“Kumi na moja,” alisema. “Samir mwanangu, Kizuka umewahi kufika?”

Nilikuwa nimepita mara nyingi kwa gari. Hakuridhika na jibu hilo.

Bwana Leonidasi alikasirika. Wageni walikuwa wameshaambiwa. “Sasa wewe mama, unabishana na machine?”

“Sibishani na mashine, patron. Nabishana na saini yako.”

Asubuhi ya Jumanne tulikwenda. Daraja lilikuwa limekatika, kwa hiyo tulitembea saa mbili, yeye mbele akiwa na miaka hamsini na nane, mimi nyuma na kiatu kimoja, kingine kikiwa kimebaki kwenye matope. Tulipoingia katika michikichi niliinua macho nikaona kosa langu. Juu kulikuwa na makuti tu, yamefungamana kama paa moja kubwa la kijani. Setilaiti haikuona chochote zaidi ya hayo. Nyumba za watu zilikuwa chini yake, na zilikuwa zimeanguka.

Mwanamke mmoja, Agneta, alikuwa akichomoa sufuria kwenye udongo. Alitutazama tukizungukazunguka.

“Amahoro. Munatafuta nini?”

“Tunatafuta nyumba yako, dada,” Mama Evangelina alimjibu.

“Iko hapo. Mumesimama ndani yake.”

Nilitazama miguuni. Nilikuwa nimesimama juu ya matofali mabichi yaliyoyeyuka, pembeni ya kizingiti cha mlango. Nikaondoka pale haraka kama mtu aliyekanyaga kitanda cha mwenzake. Mama Evangelina hakuondoka. Aliinama, akapima kizingiti, akaandika jina la Agneta na la watoto wake watatu, akamwuliza walilala wapi. Walilala kanisani, watu themanini.

Tulihesabu siku mbili. Alama ya matope kwenye mashina ya michikichi ilituonyesha maji yalipofika, na majirani walituonyesha nyumba zilipokuwa. Zilikuwa mia na thelathini na nane. Jumatano mchana tulipokaa kula mihogo ya kuchoma aliniambia jambo ambalo hakuwa amewahi kuligusia ofisini. Waliporudi kutoka Tanzania, walikwenda kwenye kiwanja cha baba yake wakaambiwa hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba familia yao iliwahi kuishi pale. Mama yake mzazi alikuwa amesimama chini ya mchikichi alioupanda kwa mkono wake. “Alilipapasa shina lake tu,” alisema. “Mimi nikaona, mtu akiniandikia ripoti, kwanza aje aone.” Kisha akaniongezea muhogo.

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza kama na Kabezi kuna michikichi iliyoficha nyumba. Alhamisi tukaenda. Huko kosa lilikuwa la kinyume: kati ya zile nyumba sabini na nne, ishirini na sita zilikuwa vichanja vya kuanikia ndagala, samaki wetu wadogo wa ziwani, vilivyofunikwa shitingi za plastiki. Nilikuwa nimewaombea ndagala mabati na maharage. Mama Evangelina alicheka hadi akaegemea mtumbwi, na habari ikafika Rumonge kabla yetu. Mpaka leo kuna wenzangu wanaoniuliza ndagala wa Kabezi wanaendeleaje.

Jioni hiyo Bwana Leonidasi alisoma hesabu mpya. Halafu, na hili tunamheshimu kwalo, alichana ripoti ya kwanza mbele yetu, akawapigia simu wageni na kuwaambia kwamba amekosea. Lori lilikwenda Kizuka kwanza. Mabati hayakutosha, familia thelathini na tano zilisubiri hadi mwisho wa Mei, na Mama Evangelina alikuwa akizitembelea kila wiki kuziambia ukweli, kwamba bado. Agneta alipata yake kwenye lile lori la kwanza.

Wengine wangeichukia programu baada ya hapo. Yeye alivuta kiti karibu yangu akasema, “Nifundishe.” Alijifunza kuchapa kwa kidole kimoja cha kulia, ambacho alikisifu sana. Ndiye aliyebuni utaratibu tunaoufuata sasa: mashine inakisia kwanza, kisha watu wa kila kilima, yaani kila kijiji, wanatembea na kusahihisha, na mashine inafundishwa kilichosahihishwa. Machi 2025 mto ulipofurika tena, programu ilisema nyumba mia mbili na kumi na mbili. Waliotembea wakahesabu mia mbili na kumi na tisa. Ofisi nzima tulipiga makofi, akatununulia Fanta, kisha akavaa viatu akaenda kuzitafuta zile saba. Zilikuwa za ndugu waliojenga baada ya Krismasi, picha za setilaiti zikiwa zimeshapigwa.

Kuanzia Julai kalamu ya kusaini inashikwa na Joanita, aliyefundishwa na Mama Evangelina kwa mwaka mzima. Wiki iliyopita, akiwa bado anajizoeza, nilimpelekea ripoti yangu ya kwanza, ya upepo ulioezua mapaa upande wa kusini. Ilirudi baada ya dakika kumi ikiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: “Umefika huko?” Nilipoionyesha kwa Mama Evangelina alifuta machozi ya kicheko, akanipigapiga begani, akaniambia nitafute viatu vizuri.

Mama Meshaki, murakoze cane, asante sana. Umetufundisha kazi, na umetuvumilia. Nenda kwenye shamba lako, wajukuu wakusumbue kwa zamu, ziwa likae mahali pake, na mvua ije kwa kiasi. Tunakutakia pumziko lenye afya na furaha tele. Nami kesho, alfajiri, natembea kwenda kusini.