Mwalimu Anatafuta Mwenye Nyumba

Tulipotoka Lodwar nilikaa nyuma ya kijana Mrundi, shati lake limepigwa pasi hata mikono ilisimama yenyewe. Alimgeukia mama Mturkana aliyekaa kando yake, mwenye shanga mpaka kidevuni.

"Mama, mimi niko mwalimu mpya wa Kakuma. Shule inafungua Jumatatu, na niko natafuta mwenye nyumba."

Mama akamkagua kuanzia viatu. "Mke unamtafuta ndani ya gari?"

"Hapana, mama! Mwenye nyumba. Wa kunipangisha."

"Ndiyo huyo huyo. Kwetu nyumba anajenga mwanamke, na ni yake. Mwanaume anaingia tu. Huna bibi?"

"Niko naye, Annick. Yuko Bujumbura."

"Basi nyumba yako iko Bujumbura."

Nikajifanya natazama mbuzi dirishani, kwenye jangwa kavu.

Mwalimu alieleza kwamba Annick ana mimba, na amekataa kusafiri mpaka asikie nyumba imepatikana. Hataki kuzalia kwa watu.

"Na nyumba haitapatikana mpaka yeye aje," akasema mama. "Fito ziko, majani ya mkoche yako. Aje ajenge."

"Na mimba yake?"

"Mimi nilijenga na mimba, na mvua inanyesha."

Mimba niliiamini. Mvua, hapana.

Gari likasimama Kakuma. Mama akashuka na vikapu vyake. Mwalimu alibaki kitini, simu sikioni.

"Annick, usikasirike, nakuuliza tu. Wewe ulishawahi kujenga?"