Kostansia wa Meza ya Bunduki

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Kostansia Ntirampeba, ambaye wengi tunamwita Mama Florida, anastaafu baada ya miaka kumi na sita na miezi tisa katika duka letu la bunduki la Shively, pembeni mwa Louisville. Anayedhani hiyo ni kazi ya kusimama nyuma ya kioo na kutabasamu asome mpaka mwisho, kisha aone haya.

Alifika Louisville mwaka 2008 kutoka Tanzania, alikoishi kambini tangu alipoikimbia Burundi akiwa na miaka kumi na minne. Aliajiriwa kufagia. Siku ya kwanza alipoona bunduki zimepangwa ukutani, alimwuliza mzee Lyle, mwenye duka, kama kuna jeshi linapita kuzichukua. Mzee Lyle alicheka mpaka akakaa chini. Miaka miwili baadaye alimtoa kwenye ufagio akamweka kwenye meza ya kupokelea bunduki zinazonunuliwa kwa mbali, na tangu hapo hajacheka tena mbele ya meza hiyo bila ruhusa.

Kwa wageni wetu wa leo, meza hiyo kazi yake ni hii. Mtu anakaa sebuleni kwake Louisville, anachagua bastola kwenye tovuti ya duka la Columbus, jimbo jingine, analipa, kisha anasubiri iletwe mlangoni kama jozi ya viatu. Haiji. Sheria inaipeleka kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo la mnunuzi. Mnunuzi anafika mwenyewe na kitambulisho chenye anwani anayokaa, anajaza fomu, anaapa kwamba yeye ndiye anayejinunulia, na rekodi yake inakaguliwa. Akikubaliwa, anachukua mali yake. Asipokubaliwa, mbele yake yupo Kostansia, na Kostansia hasogei.

Kuna bwana mmoja wa Shively alikuja na leseni ya kuvulia samaki. Akarudishwa. Akaja na kitambulisho cha nyumba aliyohama miaka mitatu nyuma. Akarudishwa. Mara ya tatu alikuja na kila karatasi aliyowahi kupewa na serikali, na kikapu cha nyanya juu yake. Kostansia alimpa bunduki na kumrudishia nyanya, akamwambia azilete tena kesho, siku ambayo hana shida naye. Akazileta. Mwenzake wa ghalani, Gloire, mtu wa Bukavu, humtania mpaka leo: “Bon, mama huyu iko mukali kupita douane, donc usimuletee bongo!” Douane ni forodha, na bongo kwao ni uongo, na kweli hakuna aliyempelekea ukapita. Wakaguzi wa serikali wamepekua fomu zake mwaka baada ya mwaka, na hawajaondoka na kosa hata moja.

Ni yeye pia aliyemweleza mzee Lyle kwa nini wateja wengi kutoka kambini wamezaliwa tarehe mosi Januari. Mzee alishaanza kushuku vitambulisho vya bandia. Kostansia akamwambia: “Aliyekuwa hajui siku yake, karani alimwandikia hiyo. Hata mimi. Kwetu kanisa zima tunakata keki moja.”

Sasa nizungumze na wale walionong'ona kanisani, mwaka hadi mwaka, kwamba ni aibu mkimbizi Mkristo kula mkate wa bunduki. Mlitaka nani akae pale? Mtu asiyejua risasi inafanya nini? Aliyeikimbia bunduki kwa miguu yake ndiye anayefaa kuulizwa nani apewe na nani asipewe. Ninyi mlionong'ona hamkuwahi kumkatalia mtu kitu chochote kilichowagharimu. Yeye alimkatalia hata ndugu wa damu yake.

Ilikuwa Novemba 2018, siku kumi kabla ya harusi ya binti yake Florida. Kwa Warundi binti hatolewi kimyakimya. Msemaji wa familia husimama akajibizana na msemaji wa upande wa bwana harusi, kwa mafumbo na kejeli, mpaka ukumbi ucheke na binti atoke kwa heshima. Baba yake Florida hakuwepo duniani. Msemaji alikuwa mmoja tu: Reginaldi Bisogo, mdogo wake Kostansia, anayekaa Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey.

Reginaldi alikuwa amenunua mtandaoni bunduki ya kuwindia kulungu kutoka tawi letu la Hilliard, karibu na Columbus. Akaona achanganye safari: bunduki itumwe Shively kwa jina la dada, dada asaini, yeye aichukue akija harusini. Ni desturi yetu, ukimtuma ndugu umekwenda mwenyewe. Aliyefunga sanduku lile kule Hilliard ni mwandishi wa maneno haya, naye hakuona ubaya wowote.

Kostansia alisoma jina lake juu ya sanduku, akapiga simu Buffalo mbele ya duka zima.

“Regi, hii bunduki ya nani?”

“Yangu, dada. Wewe weka sahihi tu.”

“Kumbe fomu inaniuliza kama ni yangu. Niandike nini?”

“Andika ndiyo! Dada, mimi na wewe tuna tofauti gani?”

“Mimi sina ndevu. Na kambini tulihojiwa miaka mingapi, Regi, hatukuwadanganya maofisa hata jina la mbuzi. Leo nidanganye kwa ajili ya kulungu?”

Reginaldi akawaka. Akasema kama dada yake anaipenda fomu kuliko ndugu, basi fomu na imsemee Florida ukumbini. Akakata simu. Kostansia alifunga sanduku upya, likarudi Hilliard siku ile ile, nami nikalituma kwa muuzaji mwenye leseni kule Buffalo. Kisha akaenda nyuma ya duka akalia. Gloire aliyemfuata anasema hakulaumu mtu. Alirudia neno moja tu: nani atamtoa mtoto wangu?

Wiki ya harusi, Jumanne, Reginaldi alikwenda kujaza fomu yake kwa hasira. Jibu la ukaguzi likatoka: subiri. Muuzaji akamwambia hajui sababu, ila mara nyingi ni majina na tarehe kufanana. Hapo Reginaldi akamkumbuka mtu. Hapo hapo Buffalo alikuwepo Reginaldi Bisogo mwingine, aliyeandikiwa Januari mosi kama yeye, aliyefungwa kwa kumvunja mkewe taya na asiyeruhusiwa tena bunduki. Kila Mrundi wa mtaa ule alimjua. Naye alikuwa na ndugu, tena wengi, na yeyote kati yao angeweza kutumwa kuweka sahihi tu.

Alhamisi mchana simu ya duka ililia. Reginaldi hakusalimia. “Dada, ulifanya vizuri. Suti yangu ya kijivu au nyeusi?”

Alikuja bila bunduki, maana jibu lake lilikuwa bado. Ilipofika zamu ya kumtoa Florida, aliwatazama wakwe kwa ukali akatangaza kwamba bibi harusi hakabidhiwi kwa mtu aliyetumwa. Bwana harusi aje mwenyewe, na kitambulisho, na anwani anayokaa. Bwana harusi alipekua mifuko yote kwa hofu ya kweli. Kostansia alicheka mpaka kitenge kikamfunguka begani.

Kuanzia Jumatatu meza ile ni ya Gloire, na wateja msijidanganye, amefundishwa na nani mnajua. Mama Florida, kwa niaba ya Shively na Hilliard, asante kwa kila mara uliyotukatalia, mimi wa kwanza. Mdogo wako ameendesha kutoka Buffalo, gari liko nje, na anasema chumba chako kule kimepakwa rangi. Kaa naye mpaka majani yadondoke. Afya njema, usingizi mrefu, na asiwepo wa kukupa fomu. Nenda, dada, ukaringe.