Kiwiko cha Mzee Walubengo

Ijumaa tarehe 30 Septemba 1977, Mzee Walubengo ataegesha baiskeli yake hapa kituoni kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na moja ya kulea vifaranga vya samaki aina ya ngege. Mimi nimefanya kazi naye miezi minne tu, kwa hiyo mengi nimewauliza wakubwa, na mwenyewe amenisahihisha mahali pawili.

Aliajiriwa mwaka 1956 kufyeka nyasi. Mwaka huohuo mlezi wa vifaranga alipougua, Mzee aliombwa aangalie matangi kwa wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo.

Alipima joto la maji kila asubuhi. Kipimajoto kilipovunjika, kipya kilichelewa miezi mitatu, naye akapima kwa kiwiko, kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Mama Dorca, mpishi wetu, alipita akamuuliza, "Mzee, unawaogesha samaki au unawabatiza?" Akajibiwa kwamba foleni ni ndefu, lakini hata yeye anaweza kujiunga. Kipimajoto kipya kilipofika, kilitofautiana na kiwiko kwa nusu digrii. Mzee alisema kitazoea.

Mwaka 1969 wafugaji wa nyanda za joto za Kano walilalamika kwamba samaki wetu wanakula sana wakati wa kiangazi lakini hawanenepi. Bwana Amolo, aliyekuwa mkuu wa kituo, aliona kosa ni la tangi namba tatu, linalopigwa na jua mchana kutwa. Akaagiza mabati ya kufunika matangi yote. Mzee alisema wanaokonda ni wale wa tangi namba nne, lililo chini ya miti, na akaomba aachiwe msimu mmoja athibitishe. Bwana Amolo alikubali kwa sharti moja: akishindwa, mabati yanapanda na yeye anakwenda kulinda geti.

Mzee alikata kipande kidogo cha pezi la mkia, juu kwa vifaranga wa jua, chini kwa wale wa kivuli. Akawaweka wote katika bwawa moja lenye kina kifupi, akawalisha pumba zilezile. Januari na Februari ziliwaka jua. Wakubwa wanakumbuka kwamba miezi hiyo hakutania mtu hata mara moja.

Machi wavu ulivutwa mbele ya Bwana Amolo. Waliokatwa chini walikuwa wembamba na wanahema. Waliokatwa juu walijaa kiganja.

Mzee huwa anaeleza hivi: samaki aliyeanza maisha kwenye maji baridi, joto likimkuta ukubwani, mwili wake unachoma chakula ovyo, kama jiko lililojazwa makaa kupika yai moja. Aliyelelewa kwenye joto anachoma kidogo, kinachobaki kinakuwa nyama. Mabati yaliezekwa jikoni, na Mama Dorca husema mshindi hasa ni yeye.

Tangu hapo, mfugaji akija kuchukua vifaranga, Mzee humuuliza kwanza bwawa lake liko wapi.

Wiki iliyopita tulimuuliza angependa zawadi gani. Akataka ndoo moja ya vifaranga. Tulikimbilia tangi namba tatu, lile lililompa sifa. Akatuita turudi, akaonyesha tangi namba nne. Anakwenda kwao Kimilili, ambako mkewe, Mama Nasipwondi, ameshachimbisha bwawa, na asubuhi za huko zina baridi. Alisema wa jua wangeteseka bure kwa ajili ya sifa zake.

Jumatatu nitapima maji mimi. Kiwiko changu bado kinakosea digrii mbili, kwa hiyo nimeahidi kutovunja kipimajoto.

Asante, Mzee, kwa kutulea sisi pamoja na samaki. Uishi miaka mingi yenye afya, na wageni wako wa ndoo walizoee bwawa jipya siku ya kwanza.

Adero, matangi ya vifaranga