Petroli ya Gari la Rubani

Benchi letu liko katikati ya duka la kinyozi na kituo cha mafuta, na hapo ndipo tunapomalizia mchana. Tunakaa wanne. Yupo Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye mpaka leo mguu wake wa kulia hukanyaga chini akiona gari linakuja kasi. Yupo Profesa, muuza magazeti, anayesoma vichwa vya habari tu na mengine anayajaza mwenyewe. Yupo Kinyozi, aliye tayari kumwacha mteja na nusu kichwa kuliko kupitwa na ubishi. Na mimi, fundi viatu. Siku hiyo birika la kahawa ndiyo kwanza lilikuwa limetufikia tuliposikia mngurumo tunaoujua wote. Kwenye kona ya duka la mikate likachomoza gari jekundu la michezo, la viti viwili, limelala chini kama linatafuta kitu lilichodondosha. Gari la marehemu Rubani, fundi saa, rafiki yetu tuliyemzika mwaka jana. Kwenye usukani alikuwa mkewe, fundi cherehani, ameketi wima kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Akasimama kwenye pampu, akazungumza kidogo na mhudumu, kisha akashuka, akachungulia tangi na kutujia.

— Hamjambo, shemeji zangu.

— Hatujambo, shem! Karibu kahawa.

— Kahawa baadaye. Mshale umelala kabisa. Pale wananiuliza nitie petroli ya kawaida au supa. Nimefungua kifuniko cha tangi nisome, ile karatasi iliyobandikwa pale mwenzenu aliisugua kwa sabuni mpaka herufi zimekwisha. Nyinyi ndio mlikuwa wasiri wake. Alikuwa anatia ipi?

Breki akapangusa mdomo.

— Lakini shem, nani kakuruhusu uendeshe dude hili?

— Serikali. Leseni nimeipata juzi. Na nisikilizeni vizuri, siku sina. Mdogo wa marehemu ametangazia ukoo mzima kwamba Jumapili anakuja kulichukua. Anasema gari lisilo na dereva nyumbani ni chuma chakavu. Sasa mimi leo nakwenda kuliegesha mlangoni kwake, nimpigie honi, atoke nimsalimie. Ila kwake ni kilimani. Likinizimikia pale kwa sababu ya petroli, nitakuwa nimempelekea mwenyewe kwa mkono wangu.

Tukaona jambo ni zito. Kinyozi akarudi ndani kumwambia mteja asitikisike, akatoka tena na kitana mkononi.

— Supa, akasema Breki. Hapa hakuna mjadala. Ile namba ya petroli iliyoandikwa kwenye pampu, shem, ndiyo uvumilivu wake. Ya namba ndogo inawaka kabla haijaambiwa. Injini ya michezo inabana sana, petroli ikiwahi kuwaka unasikia ko-ko-ko, kama mtu yumo ndani anabisha hodi atoke. Rubani aliniambia kwa mdomo wake: supa tupu.

— Basi nitie supa.

— Ngoja kwanza. Supa inataka mguu mzito. Mguu wa cherehani ni mwepesi, supa italala kwenye mabomba. Nikae mimi kwenye usukani, nizunguke nalo mtaa mmoja, niiamshe.

— Kaa chini, akasema Profesa. Umezoea malori, utalipakia saruji. Shem, namba ni mwendo. Pale wana tisini na moja na tisini na tano, siyo? Ukitia tisini na moja, gari likifika kilomita tisini na moja kwa saa petroli inakata tamaa. Ya tisini na tano inakusogeza nne mbele.

— Nne tu?

— Hizo nne ndizo zinazotofautisha gari la michezo na gari la mikate! Ila wewe hutafika huko. Tia ya kawaida. Rubani alinieleza hivyohivyo akinunua gazeti. Sasa, ili tujue linakata tamaa wapi hasa, lazima mtu mwenye elimu aliendeshe kidogo.

— Mtu mwenye elimu ndiye nani?

— Usinilazimishe kujisifu.

Kinyozi alikuwa anacheka peke yake, akigonga kitana kwenye paja.

— Jamani, Rubani alikuwa anakaa kwenye kiti changu na povu mpaka hapa. Mtu mwenye wembe shingoni hasemi uongo. Aliniambia anachanganya. Ni kama rangi ya nywele, ukipaka kali tupu unaunguza ngozi. Kawaida inatangulia chini, supa inafuata juu. Supa nyepesi, inaelea. Kwenye tambarare unachoma ile ya chini. Ukifika kilimani gari linainama nyuma, supa inashuka yenyewe mahali pake.

— Inajua kwamba ni kilima? akauliza shemeji.

— Inahisi. Ila kuchanganya kunataka mkono. Mimi naweza kukaa hapo mbele, nikawa nalitikisatikisa barabarani.

Kutoka dukani mteja akaita, "Bosi, upande mmoja unapigwa na baridi!"

Mimi nami sikutaka kuonekana sina langu. Nikamwambia shemeji kwamba injini ni kama kiatu, inachukua umbo la mguu ulioizoea. Ikishazoea petroli fulani, ukiibadilisha inachubuka. Dawa ni mtu mwenye sikio aikanyage taratibu, asikilize inabana wapi. Na sikio hilo, nikasema, ninalo.

Shemeji akatutazama mmoja mmoja, kama anatupima suti.

— Mume mmoja, maneno manne. Na nyote dawa yenu ni kukalia kiti changu.

— Shem, tunakusaidia!

— Naona.

Tukiwa hapo akafika mdogo wake shemeji, nesi, ametoka kazini na mkoba begani na viatu vyeupe vya zamu. Ndiye aliyekuwa apande kile kiti cha pili. Akatusalimia, akasimama akisikiliza. Breki alikuwa amerudi kwenye ko-ko-ko, Profesa anamzidi sauti, Kinyozi anamimina kahawa kwenye kisahani kutuonyesha namna supa inavyoelea. Nesi akasubiri mpaka wote wakavuta pumzi.

— Samahani, shemeji zangu. Naomba kuuliza. Nyinyi mlimwona lini akiliendesha?

— Nani, Rubani? Breki akacheka. Huyu dada! Jina lenyewe tulimpa kwa sababu ya gari hili.

— Ndiyo. Lini?

— Kila Ijumaa jioni, akasema Kinyozi. Mngurumo ule mtaa mzima ulikuwa unausikia.

— Kusikia sijauliza.

— Mimi nilimwona, akasema Profesa. Amekaa ndani, amevaa glavu na miwani. Lango la kwake lilikuwa wazi.

— Likitembea?

Profesa akaanza kukunja gazeti lake.

— Petroli alikuwa anakuja kuchukua na dumu, nikasema mimi. Kwa miguu. Alisema gari la hadhi ile halipangi foleni.

Nikajisikia nikisema. Tukatazamana. Miaka yote ile, na kati yetu hakuna aliyeweza kusema ameliona gurudumu la gari lile likipita kizingiti cha lango. Kwa mara ya kwanza tangu nilijue benchi lile, nikasikia birika likichemka.

Shemeji alikuwa ameinamisha uso. Nilidhani analia, kumbe anazuia kicheko, na macho yana machozi kweli.

— Mdogo wangu, mwache apumzike. Alilipenda sana. Kila mwaka alisema mwakani ataanza masomo ya udereva.

Akageuka kumwelekea mhudumu wa pampu.

— Nitilie supa, jaza! Ya juu haitaliumiza, ya chini inaweza. Nikirudi nitamuuliza fundi.

Hakuna aliyemsahihisha. Walipokwisha kutia, akaingia, nesi akaingia, mkoba ukakaa magotini kwa kukosa pengine. Gari likaruka mara moja, likasita, tukashika vikombe. Kisha likanguruma ule mngurumo wa Ijumaa, likatoka, likakata kona ya duka la mikate taratibu, taa ikimulika kushoto kama ilivyotakiwa. Tulilifuata kwa masikio hadi kwenye kilima. Halikubisha hodi.

Kinyozi akanyanyuka kwenda kummalizia mteja wake. Ndipo Breki, mtu aliyeendesha malori ya matela tangu ujana, akasema kwa sauti ya chini, akitazama kikombe:

— Na mimi Rubani alinifundisha kukata kona. Nikamshukuru.