Homa Inayongoja Ruhusa

Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya matofali, nje ya kibanda cha kinyozi. Kila alasiri Fundi Geti huacha kuchomelea na kuja kunywa kahawa na Redio, yule kinyozi asiyejua kunyamaza. Siku hiyo alikuwapo pia Mpaka Rangi, na ndiye aliyemharibia Fundi Geti kahawa. Juzi mtoto wa Mpaka Rangi alizidiwa na homa, mkewe akambeba mbio hospitali bila kumuuliza mtu, na sasa mtoto anafukuza kuku uani. Mtaa mzima ulikuwa ukimsifu mama yule. Fundi Geti alikuwa na mtoto wake mchanga nyumbani, na alimwonea wivu mwenzake.

— Kwa hiyo mkeo aliondoka tu? aliuliza. Hata kukupigia?

— Alinipigia wakiwa wamesharudi, alisema Mpaka Rangi. Nilikuwa juu ya ngazi, ndugu yangu. Angesubiri nishuke?

— Ndiyo! Wangu hata dukani haendi bila neno langu. Mtoto anachemka tangu asubuhi na mama yake katulia, anajua nikirudi nitaamua.

— Huyo ndiye mwanamume! Redio alidakia. Leo mke anaamua hospitali, kesho anaamua ulale upande gani wa kitanda.

— Mbona mimi nalala ukutani tangu tuoane, alisema Mpaka Rangi, na usingizi nalala.

— Haya, mmeona? alisema Redio. Kashaliwa huyu! Sikilizeni, mimi nimelichunguza jambo hili. Homa ya mtoto inamwogopa baba. Ikisikia sauti nyembamba inadeka, inakaa. Inataka baba akohoe mlangoni.

— Akikohoa isitoke? aliuliza Mpaka Rangi.

— Basi hakukohoa vizuri.

Wakacheka. Fundi Geti alicheka kuliko wote, lakini moyoni alikuwa anaungua. Huyu bwana anakunywa kahawa kwa raha zake, hana wasiwasi wowote, kwa nini yeye? Akatamani ile homa imrudie mtoto wa mwenzake, hata kidogo tu. Kisha akajionea aibu, na aibu ikamzidishia hasira.

Simu yake ikatetemeka kwenye ubao. Ilikuwa mara ya tatu. Benchi lina sheria yake: anayepokea simu ya mke kabla kahawa haijaisha, anawanunulia wote kahawa nyingine, na jina la Mwoga linamganda wiki nzima. Fundi Geti akaigeuza kifudifudi.

— Safi sana! alisema Redio.

Mgeni mmoja aliyekuwa akingoja kunyolewa akajikohoza.

— Samahani, wakubwa. Huyo mama mwenye mtoto anayechemka, anangoja nini?

Fundi Geti aliitazama simu ikitetemeka tena, akaikwapua.

— Baba watoto, sauti ya mkewe ilikuwa chini, mtoto amekataa kunyonya. Amelegea. Nimeshamfunga mgongoni, nipo hapa mlangoni tangu mchana. Nasubiri useme.

— Nenda, mke wangu! Nenda sasa hivi!

— Kweli niende? Hutanigombeza?

Fundi Geti alikuwa ameshavuka barabara, anakimbia kwenda nyumbani, simu sikioni, akirudia: nenda, nenda.