Fundi Spika, Mwenye Ukumbi Ambamo Kila Mtu Aliimba Vizuri

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Spika, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 katika chumba cha uani, nyuma ya karakana ya baba yake aliyekuwa seremala. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyo alijua kusikiliza kabla ya kujua kunyonya. Wasifu huu umetolewa na mjane wake. Unasema hata lile aliloombwa alifiche, kwa sababu Jumamosi ijayo ukumbi unafunguliwa tena, na yeye ndiye anayetakiwa arudi ndani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Siku ya mtihani wa mwisho wa hesabu, mwalimu mkuu alimwita ofisini amtazamie redio iliyokatika sauti. Alipotoka, redio ikiimba, wenzake walikuwa wamekwisha kukusanya karatasi. Hakuendelea na masomo. Hakumlaumu mwalimu pia. Alisema redio ilikuwa imeharibika kweli.

Mwaka 1974 alijifunza ufundi wa redio, na mwaka 1983 aliajiriwa kuwa fundi mitambo wa bendi iliyopiga katika ukumbi wa dansi mwisho wa mtaa. Alikuwa na sikio la ajabu. Angeweza kuwa anakula, mgongo ukiielekea bendi, akanyoosha kidole kuonyesha gitaa lenye waya uliolegea.

Tarehe 15 Agosti 1987 alifunga ndoa na mwimbaji wa bendi hiyo, aliyeitwa Chiriku. Chiriku hakusoma hata darasa moja, lakini wimbo aliousikia mara mbili ulikuwa wake. Marehemu aliwaahidi wakwe zake kwamba hatampokonya binti yao kipaza sauti. Haki ya mtu apewe: miaka kumi na mitano aliitunza ahadi hiyo. Walijaliwa watoto watatu, na wote walilala wakiwa wachanga nyuma ya spika za bendi bila kushtuka.

Mwaka 2002 mwenye ukumbi aliiondoa bendi, akaweka mashine ya muziki, akasema mashine haili wala hainuni. Mpiga ngoma akaenda kuuza matairi, na mpiga tarumbeta hatujui aliko. Tarehe 7 Machi 2003 marehemu naye akafungua chini ya nyumba yake ukumbi wa karaoke, ambamo mashine hupiga muziki na mteja huimba akisoma maneno kwenye kioo. Wiki ya kwanza watu walikaa na soda zao, wakitazamana kama waliofika msibani mapema. Karani mmoja wa posta alijaribu, akachekwa mpaka akatoka mbio na kusahau mwavuli.

Kesho yake karani alipoufuata mwavuli, marehemu alimbembeleza arudie. Safari hii alikuwa amemweka mkewe jikoni na kipaza sauti cha pili, aimbe chini kwa chini, sauti yake iingie ndani ya ile ya karani. Watu walisimama kumpigia makofi. "Kumbe ninayo," karani alisema, akakaa mpaka tunafunga.

Hivyo ndivyo ukumbi ulivyojaa, mabibi na mabwana. Mlioimba vizuri pale, kila mmoja wenu alikuwa watu wawili.

Marehemu alimjengea mkewe chumba cha mbao ukutani, nyuma ya spika kubwa. Kilikuwa na upana wa kiti na magoti. Ndani yake kulikuwa na hedifoni, chupa ya maji, na tundu la kuchungulia midomo ya mteja. Mlango ulifunguka kwa nje na spika iliuegemea, kwa hiyo aliyekuwa ndani hakutoka mpaka aliyekuwa nje aisogeze. Maneno ya kwenye kioo hayakumsaidia asiyejua kusoma. Mchana alifua na kupika akisikiliza nyimbo za jioni, mpaka akaweka kichwani zaidi ya mia nne, na zote alitakiwa aziimbe vibaya kidogo, zifanane na sauti ya mteja.

Alipouliza ataimba lini mbele ya watu, marehemu alimjibu kwa upole kwamba mteja hanunui wimbo, ananunua kusifiwa. "Na mimi nasifiwa na nani?" mkewe aliuliza. "Wewe ni mwenye duka," alimwambia. "Mwenye duka hajiuzii."

Fundi cherehani wetu, aliyekaa safu ya tatu, anisamehe. Yeye alifunga kibanda chake akaenda studio kurekodi, akarudi analia. Marehemu alimwambia mashine za studio ni mbovu. Dada yangu, mashine zilikuwa nzima.

Mwaka 2011, saa mbili usiku, simu ilileta habari kwamba mama mzazi wa Chiriku amefariki. Aliipokea marehemu. Aliisogeza spika saa nne, mteja wa mwisho alipoondoka, ndipo akamweleza mkewe. Mkewe alimuuliza kwa nini amemwacha aimbe saa mbili nzima juu ya maiti ya mama yake. Marehemu alikuwa akikunja waya.

"Ningekwambia, ungeweza kuimba?"

Alianza kuugua figo Novemba 2022. Alitibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na mkewe ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Wiki ya mwisho alimshika mkono. "Chiriku, wasijue. Waache wajione waimbaji." Mkewe alimgeuza ubavu, akamfunika. Alifariki hospitalini tarehe 3 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Siku ya pili ya msiba, mdogo wake marehemu alimwita mjane pembeni. Familia, ambayo siri iliijua, ilikuwa imekaa kikao. "Shemeji, nyumba ni yako, hakuna atakayekugusa," alisema. "Wewe endelea tu na chumba chako." Kile cha mbao, nyuma ya spika, kilikuwa kimekwisha kupigwa rangi.

Mjane hakubishana; tangu lini maneno yake yakasikika upande wa pili wa spika ile? Aliomba jambo moja tu, wasifu auandae yeye, wakakubali wakijua hajui kuandika. Binti yake mkubwa anajua, akaandika kila neno kama mama yake alivyolisema. Sasa mmeusikia, na siri iliyosikiwa na watu wote hawa haiwezi tena kumfungia mtu ndani.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Ameacha mjane, ambaye kuanzia leo anakaa kwa binti yake. Ameacha pia ukumbi, mashine mbili, spika sita na viti arobaini. Mjane hayumo katika hesabu ya vifaa.

Fundi alifanya kazi nyingi, sasa apumzike. Na aliyebaki naye aachwe apumzike.