Kimya cha Kaseti Mia Mbili na Kumi na Nne

Tarehe thelathini Juni, baada ya kufundisha katika Idara ya Masomo ya Dini kwa miaka thelathini na mmoja, profesa ambaye wanafunzi wa vizazi vyote wamemwita Mama Kimya atarudisha ufunguo wa chumba namba tisa. Jina hilo halikutokana na tabia yake. Mama huyu ni msemaji. Mwenyekiti wa baraza la chuo aliwahi kumwomba, kwa heshima zote, alitendee haki jina lake angalau mpaka chai iletwe.

Jina lilitokana na kazi. Alipoajiriwa, akiwa mhadhiri msaidizi mwenye kinasa sauti cha kuazima, aligundua kwamba wataalamu waliomtangulia waliandika maneno ya sala na kuziacha nafasi zilizo katikati yake. Yeye akazifuata nafasi hizo. Kwa idhini ya wenyewe alirekodi sala misikitini, makanisani na vyumbani mwa wagonjwa, na kila kaseti akaiandika kwa wino wa kijani: sekunde kumi na moja baada ya amina; dakika nne, nyumba ya mfiwa. Maneno utayakuta kitabuni, alitufundisha, lakini pale mtu anapomeza mate kabla ya kuinuka hapajaandikwa popote. Kaseti hizo zilizaa vitabu vitatu, uprofesa, na wanafunzi ishirini na sita wa shahada za juu waliojifunza kusikiliza kabla ya kuuliza.

Mwaka huu, chumba kikihitajika, mume wa binti yake wa pekee alijitolea kuzihamishia kaseti zote kwenye kompyuta. Ni fundi hodari, lakini kwa miaka sita hakuwahi kukaa mbele ya mama mkwe kupita muda wa shikamoo. Alitaka kumfurahisha. Alizicheza kazini kwake kwenye mashine zilizoachwa zikijiendesha, na programu, iliyopangwa kuacha kurekodi pasipo na sauti, ikaondoa kimya chote. Alimletea flashi moja, imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Mama Kimya alimshukuru, akazipanga kaseti katonini, akaziweka koridoni zisubiri gari la taka la Ijumaa.

Alhamisi alasiri alivaa spika za masikioni. Watu walikuwa wakisali kama wanaokimbilia basi. Amina ya mmoja ikiikanyaga ya mwenzake. Dakika nne za mfiwa hazikuwapo. Kazi ya maisha yake ilikuwa imebaki maganda. Tulimwona akitoka, akakaa juu ya katoni, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu hakusema neno.

Mkwe, tuliyempigia simu, alikuja mbio, akasimama mlangoni asijue pa kuweka mikono. "Mama, nilidhani pale hapana kitu," alisema.

Tulisubiri radi. "Hata mimi nilidhani hivyo nilipokuwa na umri wako, mwanangu," alijibu. "Beba katoni."

Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi, wawili hao huketi sebuleni kwa mama huyo na kinasa sauti kimoja kizima. Kaseti za zamani hunata, kwa hiyo lazima mtu awe karibu. Na kimya hakiharakishwi. Husikiliza kikohozi kinachozuiwa, mkufu ukigusa kifungo, mvua ya miaka ishirini iliyopita ikiendelea kunyesha. Jumamosi moja binti, aliyekulia katika nyumba isiyotulia, alishtuka kutosikia kitu, akafungua mlango. Mama na mkwe walikuwa wamefumba macho, jua likitembea polepole juu ya zulia. Mkwe aliinua kidole. "Hapa kuna mtu anapumua," alinong'ona.

Ilikuwa nyumba ya mfiwa, dakika ya tatu. Mama Kimya alikuwa ameisikiliza kaseti hiyo mara nyingi asizisikie pumzi hizo. Alichukua kalamu ya wino wa kijani, akampa mkwe aandike mwenyewe.

Wamemaliza kaseti thelathini na saba. Zimebaki mia moja sabini na saba, na kwa mwendo wao wa mbili kila Jumamosi watahitaji karibu miaka miwili. Hatujamsikia yeyote kati yao akilalamika.

Mama Kimya, idara inakushukuru kwa masikio uliyotufungua. Tunakutakia afya njema, Jumamosi nyingi, na kimya kirefu kisichokatwa na mtu.